Motere ya Kamio Yetu: Tuifungue ao Tuiache?

(Maneno ya fundi wa chama kwa wanachama waliokusanyika Sake)



Kamati imeniomba niseme juu ya motere ya kamio yetu. Toka makambi ya Bulengo na Lushagala yavunjwe mwezi wa pili 2025, wengi wetu tumerudia mashamba. Lakini kurudi si kufika tu. Mutu amerudi kweli siku maharagi yake yanauzwa Goma na watoto wanalipiwa masomo. Kati ya shamba na soko kuko barabara, na kwenye barabara kuko hii kamio. Ikilala, viazi vinaoza Masisi, mafuta ya mawese yanabaki kwenye bidoni kule Walikale. Kwa hiyo neno la motere si la fundi peke yake, ni letu sisi wote.

Kuna waliosema tununue motere okazioni. Kuna waliosema tuifungue hii kesho asubuhi. Mimi nasema: tusifanye moja wala ingine mbele ya kupima. Okazioni nayo ni motere ya zamani. Ya kwetu tunajua ugonjwa wake. Ile ingine tutanunua pamoja na siri yake.

Musiniulize imetembea kilometa ngapi. Kontere yake ilikufa zamani. Tena kilometa moja ya kupanda toka Sake kwenda Mushaki, na mzigo mgongoni, si sawa na kilometa moja ya lami. Tuulize motere yenyewe. Iko na njia ine za kujibu.

Ya kwanza ni moshi. Moshi wa bluu: inakula mafuta ya motere. Moshi mweupe usiokwisha hata ikipata moto: mazutu haiungui vizuri, ao maji yanaingia ndani. Moshi mweusi: mazutu ni mingi ao hewa ni kidogo. Hapa tuwe na akili. Goma iko karibu na metre 1 500, na milima ya Masisi inapita 2 000. Kwenye metre 2 000 hewa imepungua karibu sehemu moja juu ya tano. Motere isiyo na turbo itatoa moshi mweusi kidogo kwenye mlima hata kama ni nzima. Usihukumu motere Mushaki kama vile uko Mombasa.

Ya pili: motere inazunguka polepole, fungua kifuniko cha kutilia mafuta. Ikipumua kwa nguvu kama mutu aliyepanda mlima, segma na shemize zimekula. Ya tatu: angalia mafuta. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ya ine ni presha ya mafuta. Kama inashuka sana motere ikiwa na moto, mara nyingi kusineti ndizo zimekwisha.

Kisha hiyo, fundi analegeza kidogo boloni ya tiyo ya injektere, moja baada ya ingine, motere ikitembea. Sauti ikibadilika, ile silinda inafanya kazi. Isipobadilika, mgonjwa ni huyo. Lakini vijana, musiweke mkono pale! Mazutu inatoka kwa presha inayotoboa ngozi. Funika na kitambaa kinene, na uso uwe mbali.

Sasa, kazi nyingi ya kurudishia motere nguvu haiombi kuifungua. Tubadilishe mafuta na filtri zote. Filtri ya hewa tuiangalie sana: vumbi ya huku ni ya volkano, ni kama mchanga unaokata, na ikipita inasaga shemize. Mazutu ya bidoni tuiache itulie usiku mzima, tumimine ya juu, maji na uchafu vibaki chini. Injektere zipelekwe Goma zipimwe kwenye mashini. Sopape zipimwe nafasi yake, motere ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu chake, si kwa jicho.

Radiatere isafishwe, nje na ndani. Na kifuniko chake tukinunue kipya. Kwenye metre 2 000 maji yanachemka kwa digrii 93 hivi, hayangoji 100. Kifuniko kizuri ndicho kinashika presha ili yasichemke mapema. Wengi wanalaumu kulasi wakati mwenye kosa ni kifuniko.

Neno lingine: termostati. Mafundi wengi wanaitupa wakisema inapashisha motere. Tusikubali. Bila termostati motere inachelewa kupata moto, hasa kwa baridi ya asubuhi ya Masisi. Motere inayofanya kazi baridi inakula mazutu mingi na kuchakaza silinda zake. Kama termostati imekufa, tuweke ingine.

Kama vipimo vinaonyesha kwamba segma zimekwisha, hapo tutafungua, na tutafungua hapa nyumbani. Lakini nyumbani si kwenye udongo. Tutandike mbao, tufunge bashi juu na pembeni, tufagie na kunyunyiza maji. Kila kitu kinachotoka kiandikwe namba: pistoni ya 1 irudi kwa 1, kifuniko cha kusineti kirudi pahali pake na upande wake. Tuosheshe na mazutu safi, tufunike na kitambaa. Kulasi ipimwe na rula ya chuma kama haijapinda, iangaliwe kama haijapasuka. Segma mpya itiwe peke yake ndani ya shemize, ipimwe nafasi ya ncha zake. Nafasi ikipita kipimo cha kitabu, shemize ndiyo imekwisha, na kuweka segma mpya juu yake ni kutupa pesa. Jwenti ya kulasi ya zamani hairudi hata kama inaonekana nzuri. Boloni za kulasi zinafungwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu, na ufunguo wa kipimo. Nguvu ya mkono si kipimo.

Kuko kazi mbili tusizijaribu hapa: kusaga virbreke na kupanga pompi ya injeksio. Hizo ni za atelye yenye mashini.

Ikifungwa, tuizungushe kwanza bila kuwaka mpaka presha ya mafuta ipande. Safari za kwanza ziwe za nusu ya mzigo, kwenye tambarare ya Sake na Goma, si mlimani. Mafuta ya kwanza tuyatoe mapema, yanabeba vumbi la chuma. Na mafuta machafu yasimwagwe kwenye kijito. Wamama wanachota maji kule. Tuyaweke kwenye bidoni.

Juu ya pesa nitasema wazi, kwa sababu wanachama na wafadhili wako na haki ya kujua. Kila pyesi mpya iwe na fakture. Kila pyesi ya zamani iwekwe mezani, wanachama waione na kuigusa mbele ya kutupwa. Anayenunua asiwe peke yake, na fundi asishike pesa, hata mimi. Na kila safari, mbele ya kugawa faida, tutoe kwanza fungu la mafuta na filtri. Motere yetu imezeeka kwa kazi, lakini imegonjwa kwa kukosa hilo fungu.

Naomba muamue leo mambo matatu. Kwanza, kamio isimame wiki ya vipimo, isibebe mzigo. Pili, tuchague vijana wawili, mmoja awe binti, wajifunze kazi hii toka boloni ya kwanza. Tatu, kama ni kufungua, tufungue mapema: maharagi ya msimu B yanavunwa mwezi wa sita na wa saba, na maharagi hayangoji fundi.

Sasa maulizo yenu, hata yale makali.