Muhuri na Kofia



Wahitimu, kabla hamjazikunja diploma zenu, tazameni pale chini, kwenye sahihi. Kuna muhuri. Bila huo, hakuna ofisi Butembo itakayoipokea karatasi hiyo.

Mtume Muhammad alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa Warumi hawasomi barua isiyo na muhuri. Akachongesha pete ya fedha, maneno matatu, mistari mitatu: Muhammad, Mtume, Mungu. Kazi ya karani tu! Wapokezi wa Hadithi wanasimulia kwamba baadaye pete ilimponyoka Khalifa Uthman, ikatumbukia katika kisima cha Aris, Madina. Ikatafutwa siku tatu, haikuonekana.

Mwaka 2007, huko Iraki, wauaji waliojiita dola ya Kiislamu walichora duara la muhuri huo kwenye kitambaa cheusi, na juu yake sehemu ya shahada, maneno ambayo Mwislamu anayekata roho husaidiwa kuyatamka. Aprili 2019 wakatangaza kwamba shambulio la karibu na Kamango, huku kwetu, ni lao. Sisi tulikuwa tunazika waliochinjwa tangu Oktoba 2014, na wenye mapanga walikuwa wale wale waasi wa ADF. Kipya kilikuwa bendera.

Hitler naye, mwaka 1920, alikipa chama chake swastika, alama ya heri ya Wahindu. Wahindu wa Mombasa hawakuifuta mahekaluni mwao. Kwa nini wamwachie?

Imamu Ali Amini aliwakemea wauaji wa ADF hadharani mjini Beni. Tarehe 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani, alipigwa risasi akiswali katika msikiti mkuu. Jina la Mungu lililokuwa kwenye pete ndilo lililokuwa mdomoni mwake.

Sasa jirani yangu, Mwislamu, muuza vitenge. Juzi nilimwona akivua kofia yake iliyodariziwa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, ndipo akamwita motari. Nikamuuliza. "Mzee, kwenye barieri wananitazama sana." Watu wa barieri ni sisi, jamani, wengine ni kaka zenu.

Ameketi kule nyuma, karibu na spika. Binti yake ni mmoja wenu. Kofia bado iko mfukoni, naona ukingo wake. Wakati wa picha, mpisheni apite mbele.