Wembe Hauokoi Mtu

Masomo: 1 Samweli 16:1-13, Matendo ya Mitume 15:1-21, Yakobo 2:1-9

 

Leo tutazungumza juu ya nywele na ndevu. Najua wengine wameanza kucheka. Mtu atasema, Pasta amekosa neno la kuhubiri. Lakini nawaambia kweli, kuna watu waliotoka katika nyumba ya Mungu kwa sababu ya nywele. Mmoja namjua, kwa maana ni mimi niliyemfungulia mlango wa kutoka. Nitawaeleza habari yake mbele kidogo.

1. Vijana wawili wenye shati nyeupe

Wote mmewaona. Wanatembea wawili wawili, kwa miguu, juani na kwenye tope la Januari. Shati nyeupe, kravati, kibati cha jina kifuani, nywele fupi, kidevu kimenyolewa safi. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi wanawaita Wamormoni. Kanisa lao liliandikishwa katika nchi yetu mwaka wa 1986. Mwezi wa nne mwaka wa 2019 walifungua hekalu lao Kinshasa, na mwaka wa 2020 walitangaza kwamba watajenga lingine hapa Lubumbashi. Basi ni majirani zetu.

Mafundisho yao na yetu hayalingani. Sisi hatuongezi kitabu kingine juu ya Biblia. Hilo lieleweke. Lakini sikuja kuwacheka. Kijana wa miaka kumi na minane au ishirini anayetoa miaka miwili ya maisha yake, akanyoa kila asubuhi na kubisha milango ya watu wasiomtaka, anawafundisha vijana wetu kitu juu ya kujitoa.

Nataka tuangalie ule wembe. Ulitoka wapi? Kwa maana Brigham Young, aliyewaongoza Wamormoni mpaka Utah mwaka wa 1847, alikuwa na ndevu, na viongozi wao wengi baada yake pia. Rais wao wa mwisho mwenye ndevu alikufa mwaka wa 1951. Halafu zikaja zile nyakati za vijana wa Marekani waliofuga nywele na ndevu, wakavuta bangi na kuwapinga wazazi wao. Chuo kikuu cha kanisa hilo, kinachoitwa kwa jina la huyo huyo Brigham Young, kikakataza ndevu kwa wanafunzi wake, na hata leo kinakataza. Mwaka wa 1971 rais wa chuo, Dallin Oaks, aliwaeleza wanafunzi kwamba ndevu zenyewe si uovu. Shida ilikuwa ile maana ambayo watu wa wakati ule walizipa.

Mnasikia? Sheria ilizaliwa katika ugomvi wa wazazi na watoto huko Marekani. Kisha ikavuka bahari, na leo inapita katika njia za Katuba juu ya kidevu cha kijana wa Kikongo ambaye baba yake hakuwahi kugombana na vijana hao. Na hata huko kwao mambo yanabadilika. Tangu mwisho wa mwaka wa 2018 wamisionari wao wa kike wanaruhusiwa kuvaa suruali, na tangu mwaka wa 2020 vijana wao wanaweza kuvaa shati ya buluu, na mahali pengine kuacha kravati. Kinachobadilika namna hiyo ni desturi ya watu. Hakikuandikwa kwa kidole cha Mungu.

Tena kuna jambo zito zaidi. Katika kanisa hilo karibu kila mwanaume anapewa ukuhani. Lakini mpaka mwezi wa sita mwaka wa 1978, mtu mweusi hakupewa. Angenyoa kila siku, angevaa shati nyeupe kuliko theluji, mlango ulifungwa. Unaweza kuwavalisha watu wote sare moja na bado usiwape kiti kimoja. Na sisi Wapentekoste tusijivune. Mwaka wa 1906, kule Azusa, Mungu alimtumia William Seymour, mtu mweusi, na watu wa rangi zote walipiga magoti pamoja. Miaka michache tu ikapita, weupe na weusi wakatengana. Wote walinena kwa lugha, lakini hawakutaka kuketi pamoja.

2. Kichwa cha Bapostolo

Sasa geukeni upande wa pili. Hapa hapa mjini tunawaona Bapostolo wa Johane Maranke, aliyeanza kazi yake mwaka wa 1932 kule Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Wanasali nje, katika kanzu nyeupe. Wanaume wananyoa kichwa na kufuga ndevu.

Fikirini basi. Yule mmisionari akienda kwa Bapostolo, wataona ndevu zimekosekana. Mpostolo akienda kusoma katika kile chuo cha Utah, wataona ndevu zimezidi. Mmoja anapeleka wembe juu, mwingine anaupeleka chini, na kila mmoja anamtafuta Mungu. Je, Mungu anakaa upande gani wa uso?

Biblia yenyewe haitupi jibu moja. Mnadhiri katika Hesabu 6 hapitishi wembe kichwani siku zote za nadhiri yake. Paulo anakata nywele zake Kenkrea, Matendo 18, kwa sababu ya nadhiri. Nabii Isaya, sura ya 50, anamwonyesha mtumishi wa Bwana akitoa mashavu yake ing'olewe ndevu. Mtumishi huyo tunamjua ni nani. Basi Bwana wetu mwenyewe angekuja na uso wake kuomba nafasi katika chuo kile, wangemtuma kwanza kwa kinyozi.

3. Na sisi je?

Hapa ndipo ninyi mnaocheka mtaacha kucheka. Mwalimu wangu mmoja katika shule ya Biblia alikuwa akituambia: ukikuta sheria kanisani, iulize umri wake. Iulize, ulizaliwa lini, na nani alikuzaa?

Tuziulize zetu. Mwanamke asivae suruali. Asiweke meshi wala nywele za bandia. Kijana asisuke, asifuge nywele. Mhubiri asipande mimbarani bila kravati. Wangapi wamekua na sheria hizo? Wengi.

Sasa wazee, kumbukeni miaka ya 1970. Ni nani aliyemkataza mama wa Zaire suruali na nywele za bandia? Ni Mobutu, kwa ajili ya ule uhalisi wake. Kravati nayo ikapigwa marufuku, baba zetu wakavaa abakosti. Mpaka tarehe 24 mwezi wa nne mwaka wa 1990, alipotangaza vyama vingi na kuturudishia kravati. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka baba yangu mbele ya kioo, akihangaika kuifunga, amesahau namna yake.

Sisemi kila sheria yetu ilitoka kwa Mobutu. Nyingine zilitoka kwa wamisionari, nyingine kwa wazee waliotaka mema. Nasema hivi: kravati ambayo jana ilikuwa kosa mbele ya serikali, leo tumeifanya haki mbele za Mungu. Mungu hajabadilika. Ni sisi.

Tena tukumbuke tulikotoka. Burton na Salter walipofika Mwanza mwaka wa 1915 na kuleta Injili ya Pentekoste katika Katanga, waliwakuta Waluba, watu ambao nywele kwao zilisema. Ukimwangalia mtu kichwani ulijua cheo chake, au kama ameolewa. Msuko ulichukua saa nyingi, na usiku walilaza shingo juu ya kiegemeo cha mti ili usiharibike. Je, mikono hiyo ya mabibi zetu ilikuwa ikimtumikia shetani kwa kusuka? Ilikuwa mikono iliyopewa akili na Mungu.

Mtu ataniambia: Pasta, na 1 Petro 3 je? Petro hakusema juu ya kusuka nywele? Alisema. Soma mstari wote. Anataja kusuka nywele, dhahabu, na kuvaa mavazi, vyote katika pumzi moja. Kama amekataza kusuka, basi amekataza na kuvaa, na Jumapili tutakuja namna gani? Petro anasema uzuri wako usikae hapo, ukae moyoni. Na Kumbukumbu la Torati 22? Siku za Musa Waisraeli hawakuwa wakijigawa kwa suruali na gauni. Waume kwa wake walivaa mavazi marefu, na kila mtu alijua lipi ni la mume na lipi ni la mke. Leo msusi wa Kamalondo anajua, na fundi wa kushona anajua pia. Adabu ni ya lazima. Uchi si uhuru. Lakini adabu inaweza kuvaa kikwembe, na inaweza kuvaa suruali.

4. Mitume waliamua nini?

Katika Matendo 15 watu walishuka Antiokia wakafundisha kwamba asiyetahiriwa hawezi kuokoka. Angalieni, tohara ilikuwa na andiko! Ilitoka kwa Ibrahimu. Haikuwa kama kravati. Hata hivyo Petro akasimama akauliza kwa nini tuwawekee wanafunzi nira ambayo hata baba zetu ilituelemea. Wakawaandikia watu wa mataifa mambo manne tu: wajitenge na vyakula vya sanamu, na damu, na nyama iliyosongwa, na uasherati. Hawakuwaambia wawe Wayahudi kwanza ndipo wawe wa Kristo.

Lakini sura inayofuata, Paulo anamtahiri Timotheo! Je, amejipinga? Hapana. Timotheo alikuwa mtenda kazi, anakwenda kati ya Wayahudi, akakubali kwa ajili ya kazi. Lakini walipotaka kumlazimisha Tito, Wagalatia 2, Paulo hakuwapa nafasi hata saa moja.

Shikeni tofauti hiyo. Kwaya ikikubaliana kushona kikwembe kimoja, ni vizuri. Kanisa likimwomba mtumishi avae hivi kwa ajili ya kazi, naye akakubali, ni vizuri. Huyo ni Timotheo. Lakini tukimwambia mwenye dhambi aliye mlangoni, nyoa kwanza ndipo Yesu akupokee, tumehubiri injili nyingine.

5. Yule binti

Miaka yangu ya kwanza katika uchungaji, binti mmoja alikuja kuomba ubatizo. Alikuwa amesuka meshi ndefu, nyekundu kidogo. Nilimwambia mbele ya wazee: nenda ufumue hizo, ndipo urudi. Aliinamisha kichwa, akaondoka. Jumapili ile hakuja, wala iliyofuata. Nami nikasema moyoni, huyo hakuwa wetu.

Mwaka jana nilimkuta katika soko la Kenya, akiuza samaki wakavu, mtoto mgongoni. Alinitambua kwanza. Akasema, "Baba Pasta, zile nywele nilizifumua jioni ile ile. Lakini kurudi niliona haya."

Wapendwa, nilisimama pale sokoni sina neno. Alikuwa ametii! Alitii kuliko wengi wenu mnaoketi mbele. Nywele zilikwisha kutoka jioni ile. Aibu niliyompa mbele ya wazee ilikaa miaka yote. Nilimwomba msamaha. Alinisamehe kwa upole, akanifungia samaki, akakataa pesa yangu. Nikamwalika kanisani. Akajibu, "Tutaona, Baba." Bado namngojea.

6. Tufanye nini?

Ninyi protokole mnaosimama mlangoni, Yakobo 2 iliandikwa kwa ajili yenu. Mtu akija na nywele za namna yoyote, mpeni mkono na kiti, si kiti cha nyuma. Kama mama amekuja bila nguo ya adabu, dada mmoja amkaribie kwa upendo, pembeni, baada ya ibada, siku ambayo ameshapata marafiki.

Ninyi wazazi, msimpime mtoto kwa kichwa chake. Samweli alikuwa nabii mkubwa, naye alipomwona Eliabu alidanganyika. Kama nabii alidanganyika na sura, wewe ni nani?

Nanyi vijana, msichukue neno hili mkalifanye fimbo ya kuwapiga wazee. Kama unasuka ili kumwumiza mama yako, dhambi haiko katika nywele, iko chini yake.

Na mkikutana na wale vijana wawili wa shati nyeupe, wapeni maji ya kunywa. Msicheke wembe wao kabla hamjaangalia wa kwenu.

Tuombe. Baba, utusamehe sisi wachungaji tuliowafungia mlango watu uliowaita wewe. Mrudishe yule dada wa sokoni, na wote waliotoka kwa kuona haya. Utuondolee macho ya Samweli alipomtazama Eliabu, utupe yako uliyomtazama nayo Daudi. Katika jina la Yesu. Amina.