Sentimita 180: Kipimo cha Njia ya Miguu Kisiwani Mombasa

Mwanzoni mwa karne ya 20, reli nyembamba ilikatiza mitaa ya Mombasa. Juu yake vilipita vigari vyenye paa, vikisukumwa na wanaume kutoka upande wa Mji wa Kale kuelekea Kilindini. Bwana alikaa kivulini. Msukumaji alikimbia juani. Magari ya injini yalipozoeleka, reli ikang'olewa. Dhuluma ya mpango ule haikung'oka nayo, maana hadi leo barabara ya kisiwani hupimwa kwanza kwa ajili ya aliyekaa, na anayetumia miguu yake huachiwa kilichobaki.

Mhadhara huu unapendekeza vipimo vianzie kwenye kizingiti cha nyumba.

Mji wa Kale wenyewe ulikua hivyo. Kando ya Ndia Kuu na katika vichochoro vya Kibokoni, baraza za mawe zimeshikana na kuta, na nafasi iliyobaki ni ya wote: mtoto anayekwenda chuoni, muuza kahawa na dele lake, hamali na mkokoteni, jeneza linalobebwa mabegani kuelekea msikitini. Kujenga ukingo wa saruji mahali kama hapa ni kuwabana watu ukutani na kuipa pikipiki uwanja. Kinachofaa ni sakafu moja iliyo sawa, yenye mfereji wa maji katikati, na mwendo wa chombo chochote ushuke hadi ule wa mtembeaji.

Tangu eneo hili litangazwe kuwa la hifadhi mwaka 1990, macho ya wahifadhi yameelekea zaidi kwenye milango ya nakshi na roshani. Kazi hiyo inastahili heshima. Ardhi nayo inataka ulinzi huohuo. Lami mpya ikimwagwa juu ya kuukuu bila kuchimbuliwa, barabara hupanda, kizingiti huzama, na mvua ya masika huingia ukumbini. Kabro, yaani tofali za kutandika barabarani, zina faida hapa: bomba likipasuka, fundi huzibandua, akalitengeneza, akazirudisha zilezile. Sharti ni kwamba kimo cha kizingiti kiandikwe kwenye mchoro kabla ya jembe la kwanza.

Nje ya Mji wa Kale, kwenye Barabara ya Digo au Moi Avenue, magari ni mengi na njia ya miguu lazima itengwe. Viti viwili vya magurudumu vikipishana huhitaji sentimita 180 zilizo wazi, bila nguzo ya stima, bila meza ya biashara, bila gari lililopandishwa. Mchuuzi apimiwe sehemu yake pembeni, kwa sababu naye ni mtu wa mji na ataendelea kuwepo.

Maudhi makubwa yako kwenye viingilio vya magari. Kila geti na kila kituo cha mafuta huikata njia, ikashuka na kupanda tena, na bibi mwenye mkongojo hulipa gharama ya starehe ya dereva. Kanuni nzuri huugeuza mzigo: njia ya miguu ibaki katika kimo chake, na gari ndilo lipande mteremko mfupi. Palipo na kivuko, ukingo wa sentimita 15 huhitaji mteremko wa sentimita 180, yaani kupanda kimo kimoja kwa kila urefu wa kumi na mbili. Mteremko mkali kuliko huo ni wa kuonyesha wakaguzi tu.

Je, watembeaji ni wachache? Kivuko cha Likoni kimekuwa kikitajwa kuvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, wengi wao kwa miguu na bila nauli. Baiskeli zilizosheheni mizigo zinastahili njia yao pia, pana angalau mita mbili, iliyotengwa na matatu kwa ukingo halisi, kwani rangi peke yake haizuii gurudumu.

Sheria haipungui. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa kiwango kinachofaa, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti barabara zake, taa na maegesho. Barabara nyingine ziko chini ya mamlaka za kitaifa, hivyo kipimo kimoja kinapaswa kuzifunga pande zote. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho hadi mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu avuke kazi yote peke yake, akianzia Fort Jesus na kufika soko la Markiti bila kusukumwa.