Jiko Kabla ya Kabati



Naomba jioni hii tukizungumzie chumba ambacho katika ramani zetu nyingi huja mwisho. Sebule ikishachukua dirisha zuri na vyumba vya kulala vikishagawana upepo, kona iliyobaki, aghalabu ile inayochomwa na jua la alasiri, ndiyo apewayo mpishi. Kisha mwenye nyumba huagiza makabati, na kwa vile yanang'aa, kila mgeni husifu kwamba jiko limepangwa. Kilichopangwa ni mbao. Kazi yenyewe haijaguswa.

Mmoja wa walioanza na kazi ni Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kijana kutoka Vienna. Mwaka 1926, katika mradi wa nyumba za gharama nafuu ulioongozwa na Ernst May mjini Frankfurt, Ujerumani, alipewa jiko alishughulikie. Alizingatia vipimo vya muda na hatua za mpishi, akachunguza hata majiko ya mabehewa ya treni, ambako chakula cha abiria wote hutoka katika upenyo. Akaishia na chumba cha takriban mita 1.9 kwa 3.4, na nyumba zipatazo 10,000 zikajengewa mfano wake. Mchele na sukari vilikaa katika vyombo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia. Unga ulikaa katika droo za mti wa mwaloni ili wadudu wasiuingie. Karibu na dirisha kulikuwa na kigoda, mpishi akate mboga ameketi. Mimi nakipenda kile kigoda kuliko ubunifu mwingine wote wa jiko lile.

May mwenyewe alihamia kwetu miaka ya 1930, akaanzia Tanganyika na baadaye akafanya kazi Nairobi. Jengo la chama cha ushirika cha KNCU pale Moshi ni lake. Jiko la Frankfurt, hata hivyo, lilikuwa na kasoro ambayo kwetu ingeonekana siku ya kwanza: lilikuwa la mtu mmoja. Kwetu mmoja anakuna nazi, mwingine anachagua mchele, mtoto katumwa vitunguu, na shangazi yuko mlangoni anapika kwa mdomo.

Chukueni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Anayekuna nazi amekalia mbuzi, miguu kainyoosha. Anahitaji sakafu kavu, pembeni, watu wasimruke. Tui linataka maji, chujio na pa kuweka machicha. Samaki anataka bomba, kisu, na ndoo ya matumbo iliyo mbali na ungo wa mchele. Kwa hiyo mfuatano ni huu: maji, meza ya kutayarishia, moto. Hiyo meza ya katikati ndiyo ninayoikosa mara nyingi. Fundi huliweka sinki ukuta huu na moto ukuta wa pili, mlango wa uani ukiwa katikati, na sufuria ya maji yanayochemka inavuka njia ya watoto kila siku.

Vitabu vya fani yetu ya usanifu majengo vinashauri kwamba jumla ya umbali kati ya sinki, moto na friji iwe kati ya mita 4 na 8. Ni kanuni nzuri, ila haimjui aliyekaa chini. Njia kati ya kaunta mbili iachiwe sentimita 120, wapishi wawili wapishane bila kusukumana. Kimo cha kaunta kisitolewe kwenye katalogi. Mpishi asimame, akunje kiwiko, na kaunta ije sentimita 10 hadi 15 chini yake. Anayesukuma chapati anataka chini zaidi, maana kazi ile ni ya mabega.

Samaki wa kupaka anachomwa kwa mkaa, na mkaa una mahali pake: nje. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Jiko la uani, lenye paa na ukuta wa kukinga upepo, wengine huliona ushamba. Mimi naliona sehemu ya ramani, lipewe taa na bomba lake.

Ndani, gesi inazidi kuingia; mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, na dirisha la juu halitaitoa. Mtungi usimame wima nje ya ukuta, kivulini, mbali na shimo lolote la maji machafu, na mpira wake upite mahali unapoonekana. Mkilazimika kuuweka ndani, toboeni matundu chini ya ukuta, usawa wa sakafu.

Mwenye fedha kidogo aamue mapema yale yasiyobadilika kwa urahisi: mabomba ya maji machafu, mteremko wa sakafu, soketi zilizo mbali na sinki, tundu la mpira wa gesi, na dirisha mbele ya meza. Hayo yanataka kuamuliwa kabla zege halijamwagwa. Makabati anaweza kuyanunua moja moja, hata mwaka ujao, na kwa sasa rafu za mbao zinatosha.