Shirika Linalojua Mgonjwa Wake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu siku ya Yubile ya parokia)



Leo tunamshukuru Mungu kwa ajili ya wazee waliolijenga kanisa hili. Lakini Yubile si kutazama matofali tu. Inafaa tujiulize: jirani akiugua, nani anajua? Na anayejua anafanya nini?

Wengi husema: afya ni kazi ya waganga. Ni kweli, kupima na kutibu ni kazi yao. Lakini mganga yuko hospitalini. Hajui kama mtoto fulani anaharisha tangu asubuhi. Anayejua ni jirani wa shirika. Na kipindupindu, ambacho watu wa kando ya maziwa yetu wanakifahamu vizuri, huweza kumwua mtu kwa saa chache asiporudishiwa maji mwilini.

Tukumbuke Beni na Butembo. Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ilipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa. Chanjo ilikuwapo, na waganga walikuwapo. Lakini vita na uvumi vilikuwa vimewaondolea watu matumaini; wengine waliwaficha wagonjwa wao, na waganga walishambuliwa, hata kuuawa. Ndipo ilipoonekana ya kuwa dawa haiingii nyumbani peke yake: huingizwa na mtu anayeaminiwa. Mtu huyo ni nani, kama si yule tunayesali naye kila juma?

Kizuizi cha pili ni feza. Mgonjwa huchelewa kwa kuogopa bei, na mama aliyejifungua huweza kuzuiliwa hospitalini mpaka jamaa yake walipe. Tumtazame Msamaria mwema. Hakuishia kufunga vidonda. Alimpeleka mgonjwa kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa yatakayozidi.

Sisi nasi tunajua kuchanga. Mtu akifa, shirika lote huja kwenye matanga na mchango mkononi. Basi, kwa nini tungoje matanga? Feza ile ile, ikitolewa mapema, pengine itatuepusha na kilio.

Kwa hiyo naomba kila shirika lifanye mambo matatu. Lichague watu wawili wa kutembelea wagonjwa, nao wasikilizane na wauguzi wa zoni ya afya. Liweke sanduku la wagonjwa, na hesabu yake isomwe mbele ya wote. Tena lisiulize kwanza kama mgonjwa ni mkatoliki, mprotestanti au mwislamu. Maana ugonjwa hauulizi.

Tukifanya hivyo, watakaokuja kwenye Yubile ijayo watakuta zaidi ya kanisa zuri: watakuta watu wazima ambao walipokuwa watoto walipelekwa hospitalini kwa wakati.

Mungu awabariki.