Kuchagua Jiko la Kuni la Kupikia na Kuipasha Nyumba Joto
Mazungumzo na wananchi wa Lusewa, Mkoa wa Ruvuma



Tumekuja kuzungumza juu ya chombo kilichomo katika kila nyumba, nacho ni jiko la kuni.

Mtu anunuapo baiskeli huzungusha gurudumu, hujaribu breki na kubishana bei. Jiko linalowashwa kila siku hulipokea bila swali, kwa kuwa mafiga matatu aliyakuta kwa bibi yake na kwa mama yake. Hatuyadharau mafiga, yametulea sote. Lakini leo majiko ni ya aina nyingi, wauzaji ni wengi, na kila mmoja husifu lake. Kwa hiyo inatupasa tujue la kuuliza.

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti moto wa nyumbani hufanya kazi mbili: hupika chakula, na huwapasha watu joto asubuhi na usiku. Neno letu kuu leo ni hili: jiko la kupasha nyumba joto lisipimwe kwa ukali wa moto wake tu, bali kwanza kwa mahali linapoupeleka moshi.

Wengi wenu mnaifahamu tumbaku ya moshi. Mkulima huyatundika majani banini, huwasha moto chini, na moshi huyaingia mpaka yanabadilika rangi na harufu. Bani limejengwa kwa kazi hiyo. Sasa tujiulize: chumba chenye mafiga matatu, kilichofungwa mlango na madirisha kwa ajili ya baridi, kina tofauti gani na bani? Tofauti ni kwamba humo hakuna jani lililotundikwa. Yumo mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Vifo hivyo hutokana na nimonia, maradhi ya moyo, kiharusi na magonjwa ya mapafu.

Huo ni moshi unaoonekana. Upo pia wa hatari zaidi, usioonekana. Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Nasi twaongeza: upo moto usiofuka moshi, nao huua. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Moshi wa kuni huwasha macho na kukufukuza chumbani. Hewa hii hukulaza, usiamke. Wapo wanaoamini kwamba mkaa ukiisha kutoa moshi ni salama kulala nao, au kwamba beseni la maji huinyonya sumu. Mambo hayo si kweli. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi pia. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata kwa saa moja.

Tunasema hivyo hasa kwa ajili ya mzazi aliyejifungua na kichanga chake. Ni desturi njema kumtunza mzazi asipigwe na baridi. Basi atunzwe kwa blanketi na nguo kavu, na mtoto alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Joto la mama halina sumu. Tena, watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakiona kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja karibu na moto, watoke nje mara moja na waende kituo cha afya. Wasidhani ni malaria tu.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Majiko ya kuni tunaweza kuyagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mafiga matatu. Hayana gharama, hukubali sufuria ya kila ukubwa, nayo hutoa joto pande zote. Lakini sehemu kubwa ya joto hilo hupotea, kuni huisha upesi, moshi hubaki ndani, na mtoto huweza kuungua. Anayeendelea kuyatumia ayaweke katika jiko la nje lenye uwazi mkubwa.

Kundi la pili ni jiko banifu la kubebeka, la udongo au la bati lenye udongo ndani. Hubana moto chini ya sufuria, hivyo hutumia kuni kidogo. Ni jiko zuri la kupikia. Lakini mnunuzi aelewe jambo ambalo muuzaji huenda asimwambie: jiko linalobana joto lisitoroke haliwezi pia kukipasha chumba joto sana. Familia nyingine hulinunua, na baridi ikija hurudi kwenye mafiga, fedha yao ikawa imepotea. Zaidi ya hayo, kama halina bomba, moshi wake, ingawa ni mchache, bado hubaki mlemo.

Kundi la tatu ni jiko banifu la kujengwa, la matofali au udongo mzito, lenye dohani, yaani bomba la kutoa moshi nje. Udongo mzito huchelewa kupata moto, lakini ukishapata huchelewa kupoa. Moto wa chakula cha jioni huendelea kulipasha jengo joto baada ya kuni kuzimika. Kwa nyumba inayotaka kazi zote mbili, hili ndilo tunalolipendekeza. Likijengwa kwa kuegemea ukuta wa tofali unaotenganisha jiko na chumba cha kulala, ukuta huo hupata joto, na wanaolala upande wa pili hufaidi bila kuvuta moshi. Ukuta huo usiwe na nyufa.

Dohani ina masharti yake. Kichwa chake kipite juu ya mgongo wa paa ili upepo usiurudishe moshi ndani. Bomba la bati likae mbali na mbao, nguo na nyasi, walau nusu mita. Linapopita kwenye paa la bati lizungushiwe tofali, lisiguse boriti. Kwa nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, hatushauri kupitisha dohani katika paa kabisa, kwa sababu cheche moja hutosha kuiteketeza. Mwenye nyumba hiyo na ajenge jiko katika banda la pembeni, na nyumba aipashe joto kwa kuziba nyufa za kuta na kwa matandiko. Masizi yasafishwe kila mwezi wakati wa matumizi, kwani dohani iliyoziba huurudisha moshi na ile hewa ya sumu.

Kabla ya kutoa fedha, mwombeni muuzaji au fundi aliwashe jiko mbele yenu. Subirini moto ushike, kisha tazameni mdomo wa jiko. Moshi ukirudi mdomoni badala ya kupanda bombani, jiko hilo lina kasoro. Chunguzeni udongo kama una nyufa. Wekeni juu yake sufuria mnayoitumia nyumbani, mwone kama inakaa imara. Kwa jaribio la kuni, gaweni kuni kavu katika mafungu mawili yaliyo sawa. Chemsheni lita tano za maji kwa jiko jipya, na lita tano kwa la zamani. Fungu litakalobakiza kuni nyingi litawapa jibu la kweli kuliko maneno ya sokoni.

Kwa jiko la kiwandani, tazameni alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Jiko la fundi wa kijijini huenda halina alama hiyo. Hapo jaribio ndilo shahidi. Katika kila ununuzi, daini risiti na kuitunza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na risiti ndiyo mwanzo wa madai yenu.

Mwisho, jiko jema haliponyi kuni mbichi. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu kuyakausha kwanza. Matokeo yake ni moshi na masizi. Pasueni kuni ziwe na unene wa kifundo cha mkono, mzipange juu ya vichanja chini ya upenu, zikauke tangu kiangazi hiki kwa ajili ya kijacho. Magunzi makavu husaidia kuwasha. Kila mzigo mnaouokoa ni safari moja ya porini aliyopunguziwa mama au binti.

Mnamo Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema. Lakini kipupwe cha mwaka huu hakitaisubiri 2034, na kuni ndizo tulizo nazo. Basi leo jioni, mtakapoketi kuota moto, tazameni moshi unakwenda wapi. Ukiwa unawaendea watoto, anzeni kutengeneza kutoka hapo.