Mdeni ni Nani?

Somo: Matayo 6:12



Neno letu la leo ni fupi: mdeni. Katika soko zetu ni neno zito. Mama akipokea likelemba wa kwanza, kisha akaacha kutoa zamu za wenzake, hawamwiti tena kwa jina la mtoto wake. Wanasema, "Yule mdeni," na jina linamfuata mpaka kisimani. Kwa Kilingala deni huitwa nyongo. Sisi tukisikia hivyo tunafikiri ile nyongo chungu ya ini, nami naona ndugu zetu wamesema kweli bila kujua.

Katika Kigiriki cha Agano Jipya, mdeni si mtu wa pesa tu. Wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, katika Luka 13, Yesu aliuliza kama walikuwa wadeni kuliko wengine. Biblia yetu imeandika wakosaji. Naye Paulo, Waroma 1:14, anajiita mdeni wa Wagiriki na wa wasio Wagiriki, wala hakukopa kwao hata sarafu moja. Alipewa Habari Njema awapelekee. Basi mpaka awafikishie, ni mdeni. Kwa hiyo baba asiyelisha watoto aliowazaa nje ni mdeni, hata kama hakuna karatasi aliyotia sahihi.

Wengine wanaitumia Sala ya Bwana kama kifutio. "Mama, si tunaomba kusamehewa deni?" Hapana! Sala hiyo haimpi mdeni maneno ya kumfunga mdai kinywa. Inamfundisha mdai. Tena katika Matayo 18, yule mtumwa wa pili alikuwa na deni la dinari 100, na dinari moja ilikuwa mshahara wa siku. Siku 100 za kazi! Yesu hakusema hilo ni deni la bure.

Mimi mwenyewe nilikuwa mdeni. Wakati wa kilio cha mkwe wangu nilichukua mfuko wa unga kwa mama mmoja wa soko, mjane. Nikamwambia, "Mwisho wa mwezi." Miezi minne nilipita njia ya nyuma, yenye matope, ili asinione. Siku ya Mungu aliketi benchi la tatu, nami nikiongoza sala ile ile. Nikifika kwenye neno lile, sauti yangu ilishuka.

Mwishoni nilienda na nusu ya pesa. Nikasema, "Mama, nina aibu."

Akajibu, "Pasta, pesa naihitaji, watoto wanasoma. Lakini iliyoniuma zaidi ni salamu. Miezi minne hukunisalimia."

Nusu iliyobaki nilimpelekea Jumamosi iliyopita. Alihesabu mbele yangu, noti kwa noti, kisha akanipa kiti.